Suruali Sipunguzi Tena

Mwanangu,

Viazi viko kwenye sufuria, nimevifunika. Mayai yameshachemka. Ukiamka ule kwanza, kuoga baadaye. Leo hakuna kukimbia tena, na usijaribu kumbembeleza mama yako, nimeshamwambia.

Suruali yako ya mazoezi ~~nitaipunguza kiuno nikirudi~~ hapana. Nimeirudisha kabatini kama ilivyo. Tafuta fundi mwingine.

Labda ya asubuhi huyakumbuki vizuri. Nilikuwa mbele kama kawaida yetu, nasikia viatu vyako nyuma, mara sivisikii. Nikadhani unafunga kamba. Kugeuka, umekaa ukingoni mwa barabara, midomo imekupauka, unaniambia, "Baba, wewe endelea tu." Ndipo ukasema tangu jana mchana hujatia kitu tumboni isipokuwa chai kavu.

Kupungua sikukatazi. Acha soda, punguza sahani ya usiku kidogo, sawa. Lakini mtu anayekimbia kila siku asipokula, mwili unajila wenyewe. Kabla ya mbio weka kitu tumboni. Ukirudi, kula ushibe.

Nilikubeba mgongoni mpaka nyumbani. Majirani wakanisifu, eti mzee bado ana nguvu, nami nikacheka nao. Goti langu unalijua. Cherehani tu nikiitoa chumbani kuipeleka barazani, lazima niitue njiani nipumzike. Wewe sikukutua hata mara moja.

Nilifika sijachoka, mwanangu. Ndiyo maana nilijifungia bafuni, nikafungulia maji mama yako asinisikie nikilia.

Baba