Rufaa ya Njia ya Ng'ombe

Jumatatu, 27 Januari

Maziwa yamechelewa. Hawa, mama wa Kiorma anayeniletea maziwa, kafika saa tatu badala ya saa moja, kibuyu mgongoni, jasho usoni. Nilikuwa tayari nimechemsha chai ya rangi na nimekasirika. Kabla sijamgombeza akaniambia malka imepigwa vigingi. Nimempimia mchele wake wa kubadilishana, nimevaa ndala, nimeenda kuona mwenyewe.

Ni kweli. Vigingi kumi na saba, kila kimoja na kitambaa chekundu. Vinaikata malka kwa upana, mita chache tu kutoka majini. Ndiyo njia pekee ya ng'ombe kushukia mtoni upande huu. Kampuni ya mahindi itajenga tuta hapo. Barazani Novemba walisema shamba lao litakoma kule juu, mbali na malka. Niliwasikia kwa masikio yangu.

Nimemuuliza kaka yangu mdogo, Buya. Yeye kaahidiwa kazi ya kuangalia pampu. Kasema nilime mpunga wangu ninyamaze.

Sinyamazi. Ng'ombe wa Waorma wakinyimwa malka watapita mashambani mwetu Wapokomo, na shamba langu ndilo la kwanza. Kisha panga zitatoka, na mikuki itajibu. Nimeshaishi mwaka wa namna hiyo. Nilizika watu niliowafundisha kusoma.

Jumatano, 29 Januari

Hola, kwenda na kurudi. Mgongo umekwisha.

Karani wa ofisi ya mazingira ni kijana mpole, kanipa kiti. Kasema leseni ya kampuni ilitolewa tarehe 6 Desemba. Nikamwambia nataka kulalamika. Kasema ofisi iliyotoa leseni si ya kuililia. Kuna jopo la rufaa, liko kando na mamlaka ya mazingira, linaweza kuifuta leseni, kuibadilisha au kuiacha ilivyo. Wakili si lazima. Lakini rufaa iwasilishwe ndani ya siku sitini tangu leseni kutolewa.

Nimehesabu kwa vidole ndani ya gari. Mwisho ni Jumanne ijayo. Siku hamsini na nne zimekwenda na hakuna aliyeniambia kitu. Tangazo lilibandikwa ofisini, kasema karani. Nani hutembea hadi Hola kusoma ukuta?

Nimepewa nakala ya leseni na ya ripoti ya athari kwa mazingira. Nzito. Nitaisoma kesho kutwa, kesho ni zamu yangu ya kupalilia.

Ijumaa, 31 Januari

Ukurasa wa 40: "Hakuna njia ya mifugo inayotumika katika eneo la mradi." Nimecheka peke yangu, cheko la hasira. Aliyeandika hivyo alikuja mvua ikinyesha, ng'ombe wako mbali nyikani, akaona majani tu.

Kisha nimefika nyuma kabisa, kwenye viambatisho. Orodha. "Wakazi waliohudhuria na kuridhia mradi." Majina mengi, na kati yake wafugaji ishirini na wawili.

Mwandiko ni wangu.

Sijala mchana.

Niandike jinsi ilivyokuwa, nisijidanganye. Barazani walitaka mtu mwenye mwandiko safi. Kila mtu akanionyesha kidole. Miaka thelathini ya chekechea, nani mwingine? Nikaandika waliokuwepo. Hawa akaniinamia sikioni akanitajia wanaume wa kwao, wa kwanza mumewe, Barisa, wote wako nyikani na ng'ombe. Nikawaandika. Ndivyo tunavyofanya hapa siku zote. Aliye malishoni hutajwa na aliyepo, ahesabiwe yupo, asije akarukwa msaada ukija. Ni adabu. Sijawahi kuona kosa ndani yake.

Karatasi zangu juu ziliandikwa "Waliohudhuria", basi. Hayo ya kuridhia yameongezwa baadaye. Lakini hata "waliohudhuria" ni uongo, na uongo huo niliuandika mimi kwa wino wa buluu.

Jumapili, 2 Februari

Kanisani. Sikusikia mahubiri.

Nimeandika sababu za rufaa kwenye daftari. Moja, malka ipo na inatumika. Mbili, tuta litasukuma ng'ombe mashambani. Tatu, wafugaji hawakusikilizwa. Ya orodha sikuitaja. Nimeona haya. Labda hawataitazama.

Jumanne, 4 Februari

Siku ya sitini. Jana mtandao wa Garsen ulikuwa chini mchana kutwa, nikarudi mikono mitupu. Leo nimefika kwenye saiba, kibanda cha kompyuta, kabla mwenyewe hajafungua. Kachapa daftari langu, kapiga picha leseni, katuma. Saa nane kasoro likaja jibu kwamba wamepokea na kuipa namba. Nimeikariri namba hiyo njia nzima.

Huyo wa saiba kanisomea kifungu: rufaa ikishawasilishwa, mambo yabaki yalivyo mpaka jopo liamue. Hakuna kuchimba. Nimemwomba anichapie ukurasa huo mara mbili.

Alhamisi, 6 Februari

Trekta lilikuwa limefika. Nimempelekea msimamizi karatasi zangu. Kazisoma amesimama, kapiga simu, kasikiliza, kazima trekta. Mimi, mwanamke mmoja na bahasha. Niliona fahari, siwezi kukataa.

Vijana waliokuja kuandikwa kazi walikuwa wamekaa chini wakinitazama. Karibu wote nimewafundisha kuhesabu. Hakuna aliyenisalimia.

Jioni Buya kaja hadi mlangoni, hakuingia. "Dada, sisi ndugu zako tukose kazi, ng'ombe za watu zinywe maji?" Nikamwambia anywe chai kwanza. Kaondoka.

Jumapili, 23 Februari

Wifi yangu Maria, mke wa Buya, kaziba pengo la ua kwa miiba. Tulikuwa tunapita hapo kila siku, yeye kwangu kuomba chumvi, mimi kwake kuomba moto. Jiko lake naliona, sauti yake naisikia, ila nikitaka kumfikia sasa nizunguke kwa barabarani. Sijazunguka.

Kikundi cha akina mama wa mpunga kimenitoa ukatibu. Wamesema nipumzike.

Hawa peke yake ndiye anayekuja. Tunakaa kizingitini, hatusemi mengi. Wengine hawatajua saa moja hiyo ya asubuhi inanitosha vipi kwa siku nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Majibu ya kampuni yamefika, na ya mamlaka nyuma yake. Yote mawili yanaegemea kitu kimoja. Orodha. Wafugaji walikuwepo, walikubali, majina haya hapa. Nilijua. Toka mwanzo nilijua.

Nimemweleza Hawa. Nilidhani atakasirikia kampuni. Kashika mkono wangu kwa nguvu hadi ukauma. "Mwalimu, mimi usitaje. Barisa akisikia ni mimi nilipeana jina yake, na ya wazee, mimi nimeisha."

Kaacha kibuyu, kasahau mchele.

Sasa nina njia mbili. Nikae kimya, orodha isimame, malka ife. Au niseme, na wataniuliza ni nani aliyenitajia.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Waorma wamehama na ng'ombe. Hawa kabaki na ng'ombe wachache wa maziwa. Njia imejaa tope, amekuja mara mbili tu wiki hii. Nimeongea na kuku.

Jumanne, 20 Mei

Nimesikilizwa leo. Kwa kompyuta, kwenye saiba ya Garsen, mlango umefungwa, feni ikilia juu. Watu watano kwenye kioo. Mwenyekiti wa jopo mwanamama mwenye miwani, sauti ya taratibu. Wakili wa kampuni kijana, tai imemkaa vizuri. Niliapa kwa Biblia niliyobeba kutoka nyumbani.

Nilieleza malka. Nilisema nimeijua tangu utoto, nilisema ng'ombe hushuka miezi gani na hupanda miezi gani. Kisha wakili akaweka orodha kwenye kioo. Mwandiko wangu, mkubwa, kila mtu anauona.

Akauliza kama naufahamu. Nikasema ni wangu. Wakili alishangaa, nadhani hakujua. Akatabasamu akasema, basi unakubali walikuwepo. Nikasema hapana. Nikasema hao ishirini na wawili hawakuwepo hata mmoja, walikuwa nyikani, na mimi niliwaandika kwa sababu kwetu aliye malishoni huandikwa. Nikasema neno kuridhia si langu, niliandika waliohudhuria, na hata hilo nilikosea.

Akasema mimi ni mwalimu mstaafu ninayeghushi majina.

Mwenyekiti akaniuliza polepole: kuna mtu aliyekutajia majina hayo?

Akilini nilimwona Hawa, amekaa kizingitini kwangu.

Nikasema hakuna. Nikasema nawajua wote, niliandika kutoka kichwani.

Nimeapa nikasema uongo. Nauandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuuweka.

Alhamisi, 22 Mei

Habari imefika kabla yangu. Sokoni Garsen wanasema Mwalimu alikiri kuuza majina ya Waorma kwa kampuni. Kwetu wanasema Mwalimu aliivuruga kampuni kwa ajili ya Waorma. Wangekaa pamoja wakubaliane nimefanya lipi.

Hawa hajaja.

Jumamosi, 31 Mei

Hajaja. Nilimtumia ujumbe kwa mama mwingine anayeuza maziwa. Jibu lilikuja kwamba Barisa amepiga simu kutoka nyikani, amekataza mkewe asikanyage kwa mwanamke aliyeandika jina lake bila ruhusa.

Basi Hawa hakumwambia kwamba ni yeye aliyenitajia. Na mimi ndiye niliyempa nafasi ya kutosema. Nilitaka awe salama, sasa yuko salama. Kwa nini ninaumia hivi? Nilifikiri atamwambia mumewe ukweli, hata kwa siri, hata nusu. Nilifikiri hivyo bila kujua kwamba nafikiri hivyo. Nina hasira naye. Nikifunga macho nina hasira na mimi.

Ninakunywa chai ya rangi.

Ijumaa, 11 Julai

Uamuzi umetoka. Kurasa kumi na tisa. Nimeusoma kwenye saiba, kisha nimeusoma tena nimesimama nje juani kwa sababu mle ndani watu walikuwa wakisubiri kompyuta.

Leseni imefutwa. Jopo limesema ripoti iliikana njia ya mifugo iliyo wazi kwa kila mtu, na walioitegemea hawakushirikishwa. Limesema ushahidi wangu juu ya orodha "ulitolewa dhidi ya heshima yake mwenyewe na kwa hiyo unaaminika". Kampuni ikitaka irudi na mpango mpya, tuta likae mbali na malka, na wafugaji waitwe msimu wanapokuwa nyumbani.

Wameamini uongo wangu na ukweli wangu kwa pamoja. Sentensi ile nimeirudia mara nyingi. Nimefurahi na nimeona aibu, na sikuwa na mtu wa kumwambia lolote kati ya hayo mawili. Nilinunua soda, nikainywa mbele ya duka, nikaenda nyumbani.

Asiyeridhika ana siku thelathini za kwenda mahakamani. Nazihesabu tena. Nimekuwa mtu wa kuhesabu siku.

Jumatatu, 11 Agosti

Zimekwisha jana. Nimepiga simu mara tatu kuhakikisha. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Kampuni imepakia trekta na mabomba, wamesema wanatafuta ardhi kwingine.

Buya kaondoka asubuhi kwenda Tarasaa, kuna duka linataka mlinzi. Kapita mbele ya mlango wangu na begi lake. Niliinua mkono. Alitazama mbele. Mimi ndiye niliyembeba yeye mgongoni, mama yetu alipokuwa mgonjwa. Nilitaka kumwita nikakosa jina la kumwitia, kaka, Buya, mwanangu.

Maria alilia nyuma ya miiba. Nilikaa upande wangu mpaka akanyamaza.

Jumamosi, 6 Septemba

Kiangazi kimekaza. Nilisikia ng'ombe kabla ya kuwaona, nikaacha jembe.

Wameshuka wengi. Vigingi vilikwisha kung'olewa, watu wamechukua kuni. Nilisimama katikati ya malka kama mjinga, nikitaka kuona yote. Vumbi, pembe, ndama wakikimbia mbele kwa kunusa maji. Hakuna aliyekanyaga hata mche mmoja wa mpunga.

Barisa alikuwa mbele na fimbo yake. Hawa nyuma ya kundi, na punda wa maji. Nilijua Barisa amenitambua, maana alisimama kidogo.

"Wewe mama, ondoka njia," akasema. "Ng'ombe iko na kiu."

Nilimtazama Hawa. Aliinama akakaza kamba ya punda, kamba iliyokuwa imekaza tayari.

Nikaondoka njiani. Nilikaa ukingoni kwenye nyasi, wakapita wote mbele yangu, wakanywa. Wana kiu kweli hao ng'ombe, walikunywa kwa muda mrefu. Hakuna aliyenisemesha. Walipomaliza walipanda kwa njia ileile, na mimi nikarudi shambani kumalizia mstari niliouacha.