Madumu Mawili Nyuma ya Mlango

Jumamosi, baada ya chakula cha usiku

Kilo tano zimenishinda! Mimi, ninayebeba ndoo ya lita ishirini kichwani kila asubuhi. Nilijaza maji madumu mawili ya lita tano, nikajifungia chumbani, nikayanyanyua juu ya mabega. Mara mbili tu, moja likaniponyoka. Kumbe siku zote inayobeba ndoo ni shingo, si mikono.

“We Neema, unavunja nini humo?”

“Nafanya mazoezi, mama.”

“Mazoezi! Kwani maji huchoti? Nyie watoto!” Akamsimulia jirani, wakacheka wote. Nilitamani kupotea.

Jim ya mazoezi ya hapa Ilembo mama amenikataza, eti imejaa wanaume. Tangu nimalize fomu foo sitoki, nasubiri matokeo tu. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu, hata kama ni humu humu ndani.

Dada wa kwenye video ya mazoezi ninayoiangalia kwenye simu anasema kwa Kiingereza uchague uzito ambao mara ya kumi unakuwa mgumu, ila unafika. Nikapunguza maji, zikabaki lita mbili kila dumu. Kumi nikafika, kwa tabu.

Jioni mama kaingia kuchukua kanga, akayaona madumu nyuma ya mlango. Akanyanyua moja, akalirudisha, akatoka na kufunga mlango.

Sijui kama amenikubalia au kesho atamsimulia jirani tena.