Wingu Jekundu Juu ya Paa

Kwako Dada,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umesimama jikoni na mwiko mkononi. Hamjambo huko? Na huyo mwanao mdogo aliyeruka kutoka juu ya kabati, mguu umepona? Msimlaumu, huo wazimu ni wa ujombani. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kidogo kwa baridi ya paani. Mama naye hajambo.

Barua yako niliipata Jumanne, na nimeisoma hadi mikunjo imeanza kukatika. Umeniuliza jambo moja tu: usiku ule aliofariki baba, ulipomtuma mumeo aje kuniita, alikuja au hakuja? Unasema kama hakuja, basi alikudanganya wewe na mama aliporudi akasema amebisha, hakufunguliwa, na mtu wa namna hiyo huwezi kuzeeka naye. Unasema mwisho wa mwezi unafungasha. Nitakujibu, dada. Ila unanijua, mimi huwa siingii ndani bila kuzunguka uani kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Studio bado napiga picha za vitambulisho. Kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke. Kutwa nzima nawakataza watu kucheka, na usiku napanda juu ya paa la jengo hilohilo la studio kupiga picha mbingu, ambazo hazihitaji kukatazwa. Mumeo ndiye aliyenibandika jina la Mwananyota. Aliwahi kuniuliza, kama ni giza ninalolitaka, mbona chini ya kitanda limejaa tele? Nilicheka mpaka machozi, lakini sikumweleza. Ngoja nikueleze wewe.

Kule juu kuna mawingu yasiyo ya mvua. Ni gesi na vumbi, na ndani yake nyota zinazaliwa. Kwa macho matupu huoni kitu. Unaifunga kamera kwenye kijimota kinachoifuata mbingu polepole, unaiacha wazi dakika tano inywe mwanga, kisha dakika tano nyingine, na nyingine. Baadaye kompyuta inazilaza picha zote, moja juu ya moja, na lo! wingu jekundu linajitokeza, limetanda kama shuka iliyoanikwa kwenye upepo mdogo. Mashimo meusi siyawezi, dada. Yale hayatoi mwanga hata chembe, yanameza tu. Bosi wangu anawaambia wateja kwamba hayo nayo nimeyapiga, na nimeshachoka kumkanusha.

Sharti ni kwamba ndani ya zile dakika tano paa lisitikisike, wala taa isiwake. Ukipiga hatua moja, nyota zinatoka kama minyoo. Mlango ukifunguliwa, taa ya ngazini inamwagika na picha imekwisha. Kwa hiyo nilikuwa natia komeo, nazima simu, nakaa juu ya ndoo niliyoipindua na sikohoi. Raha yake siwezi kuisimulia. Hujui kama umelala au uko macho. Baba alikuwa ameugua mwaka mzima, na wa kumgeuza na kumwinulia mto nilikuwa mimi. Kule juu sikuwa mtoto wa mtu. Nilipumzika.

Wingu langu sasa limetundikwa kwenye dirisha la studio, kubwa kama mlango. Wapita njia wanasimama. Kuna muuza viatu aliyelitazama hadi mteja wake akaondoka na kiatu kimoja. Limetokana na picha sitini na mbili, zote za usiku mmoja, na usiku wenyewe ni ule.

Mumeo alikuja, dada.

Kompyuta inaandika saa ya kila picha, ndiyo maana najua. Ilikuwa picha ya ishirini na moja, saa tatu na dakika arobaini. Alibisha mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani anataka kuazima kamera, nikanyamaza. Mara ya pili aliniita kwa jina langu la nyumbani, si Mwananyota, nikanyamaza. Mara ya tatu akasema, tena kwa upole, kwamba baba ananiita, hali yake si nzuri, nifungue twende. Nilisikia kila neno. Nikatazama saa, zilibaki dakika tatu. Nikasema moyoni kwamba baba huniita kila siku, dakika tatu hazitamdhuru. Kabla hazijaisha nikasikia pikipiki inaondoka. Kamera ikaanza picha nyingine. Nikaiacha. Nikaiacha mpaka ya sitini na mbili.

Msibani, mama aliponiuliza mbele ya watu kwa nini baba amekufa akilitaja jina langu, nilisema hakuna aliyekuja kuniita. Mumeo alikuwa mlangoni anavua viatu. Alinitazama, akavivaa tena, akatoka nje. Nadhani aliona nimefiwa, akanionea huruma. Tangu siku hiyo mama haitikii salamu yake, na yeye hajanitaja hata mara moja. Naona aibu, dada, aibu ya kunikosesha chakula.

Leo asubuhi nilimwambia mama. Hakunipiga, wala hakulia. Aliniuliza tu kama ningefungua mlango ningemkuta baba yu hai. Nikamwambia ndiyo, ningemkuta, na tungekaa naye saa mbili nzima.

Usifungashe, nakusihi. Barua hii mpe mumeo aisome kwa macho yake. Kumwomba msamaha sina uso huo bado, lakini mwambie kwamba nilimsikia.

Wabusu wajomba zangu hao. Mama anawasalimu nyote, na amenishikilia hapa mezani mpaka niandike hivi: salamu ya kwanza ni ya mkwe wake, wewe ufuate.

Ni mimi,
kitinda mimba wenu