Shanga Ulizovua kwa Ajili ya Mtu wa Redio

Mama Akiru,

Nilikukosea. Naanzia hapo, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Niliwaambia watu kwamba ulikuwa unaniombea kifo, na nilijua ni uongo hata wakati maneno yanatoka mdomoni.

Barua mbili nilizokutumia huko Katilu zilirudi vile zilivyoenda, gundi haijaguswa. Hii sijaifunga. Nimeikunja tu, nikampa dereva wa lori linalokuja huko kuchukua mahindi. Nimemwambia akitaka kusoma asome, na akikuta watu kwa kaka yako awasomee. Nilikuaibisha mbele ya watu, sasa siwezi kuja kuomba msamaha nimejificha ndani ya bahasha.

Unakumbuka vile ulikuwa unatundika redio kwenye nguzo, pale kwetu Nawoitorong, ukikaa chini yake kusuka vikapu? Jumamosi mchana hakuna mtu alikuwa anaigusa. Ilikuwa saa ya yule mwimbaji wako. Ulianza kumsikia ukiwa msichana, kwa redio ya mwalimu, na hukuwa unajua Kiswahili hata kidogo. Kiswahili ulikitoa kwake. Ndiyo maana siku za kwanza za ndoa yetu ulikuwa unaongea kama mtu anachumbia. Ulikuwa unaniambia, "Mpenzi wa roho yangu, chumvi imeisha." Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje. Ukaniuliza kwani watu wengine wanaitishaje chumvi.

Ulimwita ndugu yako. Nikikuambia uzime nilale, ulikuwa unasema, "Heshimu shemeji yako."

"Shemeji gani hajawahi kuleta hata sukari kwa hii nyumba?"

"Na wewe siku ya kwanza kuja kwetu ulileta nini? Si ulileta njaa?"

Tulikaa hivyo miaka mingi na sikuona ubaya. Nilizoea hata sauti yake. Akiru wetu alilala kwa sauti yake kuliko alivyolala kwa yangu.

Halafu mwaka jana, ule mwaka kabla ya kura, akafa. Ilisemwa kwa habari ya saa saba. Akiru alikuwa shule ya bweni, mimi nilikuwa Kalokol kule ziwani, siku ya tatu, nangoja samaki wakauke niwalete mjini. Wewe ulizima redio. Ukavua shanga zako zote, zile zinatoka begani mpaka kidevuni, ukachukua wembe ukanyoa kichwa, ukakaa mlangoni. Hukumwambia mtu. Ungemwambia nani? Kwamba umefiwa na mtu wa redio?

Na watu wetu unawajua. Wakiona mwanamke mwenye bwana amekaa shingo tupu na kichwa kimenyolewa, na bwana yuko safarini, hawaulizi. Kumuuliza aliyefiwa ni kumchokoza. Wanakaa chini na wanalia. Mama Nakiru wa jirani alikaa, mwingine akamwona amekaa naye akakaa, na jioni boma likajaa watu wananililia mimi, wewe ukidhani wamesikia habari na wanamlilia ndugu yako.

Nilifika na gunia begani. Mama Nakiru ndiye aliniona wa kwanza.

"Ejok," nikamsalimia.

Aliniangalia miguu kwanza, halafu uso. "Wewe umekufa ama hujakufa?"

"Nimechoka tu."

Mjomba wangu alikuwa ametembea kutoka ng'ambo ya mji kuja kunizika. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kaeni tu," akawaambia. "Msiende. Mmelia bure, sasa kuleni samaki wa marehemu." Watu wakaanza kucheka. Hata wewe ulicheka, mkono uko shingoni pale shanga zilikuwa. Yangeisha hapo, Mama Akiru. Yangekuwa kichekesho cha kusimulia wajukuu.

Nikakuuliza, "Kwani unamlilia nani?"

"Yule ndugu yangu. Amekufa, Baba Akiru. Amekufa leo."

Ulisema ukiniangalia juu, na uso wako ulikuwa unangoja kitu. Ulikuwa unangoja nikae. Lakini mimi nilisikia kicheko nyuma yangu, na nikaona wanaume wanasukumana. Nikafikiri wananicheka, kwamba nimezikwa nikiwa hai kwa sababu ya mtu wa gitaa. Moyo ukawaka. Nikasema kwa sauti, "Huyu hamlilii mtu wa redio. Ananiombea kifo. Amevua shanga kujaribu, aone ujane utamkaa vipi."

Kicheko kilikatika. Mjomba aliinua fimbo yake kidogo. "Kijana," akasema, "meza hiyo neno."

Sikuimeza. Nilirudia. Na kesho yake asubuhi nikampigia kaka yako Lokwang simu, nikamwambia hivyo hivyo. Hiyo mara ya tatu ndiyo mbaya, kwa sababu hasira ilikuwa imeisha. Nilikuwa nimelala, nimeamka, nimekunywa chai, na bado nikasema. Niliona aibu kurudi nyuma, basi.

Wewe hukujitetea. Siku ya tatu ulipanda gari kwenda Katilu, nywele hazijaota hata kidogo. Nikajiambia mwanamke anayejua hana kosa angepiga kelele. Hivyo ndivyo nilijidanganya.

Akiru ndiye ananiambia mambo yako. Kwamba Lokwang hachukui bakuli mkononi mwako, anangoja uweke chini, halafu mkewe alichukue. Kwamba kwenye mfereji wa shamba wanawake wanateka maji kwanza waende ndipo wewe unainama. Kwamba mtoto wa Lokwang aliposhikwa na homa, watu waligeuka wakakuangalia wewe, kama ndiye uliyemwombea. Aliniambia haya akilia, akaniuliza, "Baba, ulimwona mama akikuombea kifo? Kwa macho yako?" Nikamwambia ni mambo ya wakubwa. Msichana mkubwa namna ile, anajua kusoma na kuandika kunishinda, na mimi namwambia mambo ya wakubwa.

Mwaka mzima nilikaa na maneno yangu. Nilikuwa nasema kwa watu, hata kama ni kweli alikuwa anamlilia mwimbaji, ni akili hiyo? Mtu ambaye hakujua hata Lodwar yetu iko upande gani?

Sasa nikuambie kilichonipata Kakuma.

Siku hizi nauza samaki kambini kwa wakimbizi. Huwa nakunywa chai kwa mama mmoja wa Sudan Kusini, wanamwita Mama Achol. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwake asubuhi, redio inaongea, ikasema yule kipa amekufa. Kipa wangu. Wewe unajua, wewe ndiye mtu pekee nilimwambia. Vile nilikuwa nadaka kwenye uwanja wa changarawe bila viatu, magoti yamechunika, nikijitangaza mwenyewe kwa mdomo kama mtangazaji, na jina ninalojiita ni lake. Vile baba yangu hakuwahi kunisifu kwa kitu, isipokuwa siku moja aliponiona nikidaka akasema, "Kama yule wa redio." Baba alipokufa sikulia. Nilichimba kaburi, nikarudi kazini.

Kumbe kilio kilikuwa kinangoja. Niliweka kikombe chini, nikalia mbele ya wateja wangu, mzee mzima, makamasi na yote. Kulikuwa na Mkongo mmoja huwa ananunua samaki kwangu. Akauliza, "Sasa ni nani alikufa?"

Mama Achol akaniinamia. "Ni ndugu yako?"

Nikasema, "Ndiyo. Ndugu yangu."

Nikasikia nilichosema. Yule Mkongo aliangalia redio, akaniangalia mimi, na nikajua ameelewa. Nikangoja acheke. Mgongo wangu wote ulikuwa unangoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Mama Achol alipunguza redio. Akasema, "Malesh," ndiyo pole yao, akavuta kiti chake mpaka karibu na changu. "Basi tukae." Akakaa. Chai yake ilichemka ikamwagika motoni na hakuinuka. Hakuniuliza kama yule kipa alinijua. Mama yule amezika watu wake halisi, wengine hata hakuwazika, na hakunipimia kilio changu akaona ni kidogo.

Ndipo nilikuona wewe, pale mlangoni, kichwa kimenyolewa, unaniangalia juu. Ilikuwa niweke tu gunia chini na nikae. Hata dakika tano. Hata bila kusema kitu.

Najuta, Mama Akiru. Najuta kwa mwimbaji wako pia, nilimkataa akiwa hajamaliza hata siku moja tangu afe. Wiki hii walipiga wimbo wake mmoja hapa kambini, nikajikuta nimesimama barabarani na samaki mkononi mpaka ukaisha. Nilitaka kukuambia. Hakuna mwingine ninayeweza kumwambia kitu kama hicho.

Sikuombi urudi. Hilo ni lako, na likichukua miaka, ni miaka yako. Mimi nina kazi yangu ya kufanya kwanza, na ndiyo sababu nimeandika.

Jumamosi hii, kabla ya saa sita mchana, nitakuwa nimefika Katilu. Mjomba amekubali kuja, yeye alisikia neno likitoka na atashuhudia likirudi. Nitasimama mbele ya Lokwang na mkewe, na wale wanawake wa mfereji nimeomba waitwe. Nitasema nilidanganya, mara tatu, na nitataja kila mara nilidanganya wapi na kwa nani. Nitamwambia Akiru hivyo hivyo, yeye nimemwomba aje. Nitasema kwa Kiturkana. Hapa nimeandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilifundishwa kuandika, lakini uongo niliusema kwa lugha yetu, na kwa lugha yetu nitauondoa, asije mtu akasema hakuelewa.

Halafu, ukikubali, utanipa chakula mkononi, nami nitakula mbele yao mpaka nimalize. Ukikataa, nitarudi na njaa yangu na maneno yatakuwa yamesemwa.

Ukitaka kubaki ndani ya nyumba usinione, baki. Nitasema kwa sauti ya kufika huko ndani.

Kaa salama mpaka Jumamosi.

Ni mimi,
Baba Akiru