Maji ya Kunywesha Mashine

Alhamisi, Isiolo

Bado namwona Mama Halima akiangalia lile tope.

Leo hapa hospitalini nilifunga rauta mpya, kifaa cha kuunganisha mtandao, ya mitambo inayohifadhi rekodi za wagonjwa. Nilipogusa kabati lake la chuma likanipiga shoti. Waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, uko sawa, lakini udongo umekauka hadi umeme hauna pa kupotelea. Nikazima kila kitu, nikatoka nje kumwagia maji ya chumvi pale chuma cha athi kilipozamishwa, udongo upate kupitisha umeme.

Nilikuwa kwa mtungi wa pili Mama Halima akatokea. Yeye ndiye hutufagilia. Mbuzi wote wa kwao waliisha kwa kiu huko Garbatulla.

“Kijana, unanywesha nini hapo?”

“Ni mashine, mama. Isiue mtu.”

Ardhi ikameza maji yote tukiangalia, likabaki tope tu.

“Sawa,” akasema. “Hiyo imepata bahati.”

Akachukua fagio lake, akaenda.

Niliporudi kuwasha, shoti ilikuwa imeisha. Mkubwa wangu wa kazi akapiga simu kunisifu. Nilimjibu nini hata sikumbuki.

Na hayo maji yatakauka. Itabidi nimwage mengine kila wiki mpaka mvua inyeshe, na hapo mahali panaonekana kutoka kila dirisha analofuta Mama Halima.