Jibu nililompa Mzee Kalisa mezani

Jumapili, saa tisa alasiri. Kagarama, Kigali.

Mvua imeshika tangu alfajiri na haina dalili ya kuacha. Suruali yangu nimeitundika mlangoni, ina tope jekundu la Gahanga hadi magotini. Nimejifunika blanketi, chai imepoa, na moyo wangu hauko sawa hata kidogo. Naandika ili nitulie, ingawa sina hakika kama nitatulia.

Jana nilicheza poka kasino kwa mara ya kwanza maishani.

Kwenye simu nimecheza miaka mitatu. Nacheza kazini wakati wa chakula, nacheza nikisubiri lori livuke mpaka ili nifunge nyaraka zake za forodha, nacheza hata chooni, Mungu anisamehe. Nilijiona bingwa. Na kwa sababu mdomo wangu hauna breki, wiki iliyopita nilimtambia Mzee Kalisa kwamba hakuna mtu wa kunifunga kwenye poka. Mzee akacheka mpaka akafuta macho. "Mwanangu, hiyo ya simu unacheza na kioo. Njoo Jumamosi ucheze na watu wenye sura."

Mzee Kalisa ndiye aliyenipokea Kigali. Alizaliwa Karagwe, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akakulia huko huko, akarudi Rwanda mtu mzima akiendesha malori yake mwenyewe. Nilipofika ofisini mgeni kutoka Singida, sijui hata kuuliza bei ya nyanya kwa Kinyarwanda, yeye ndiye aliyenitafutia nyumba hii. Baba yangu alishafariki. Tangu mwaka wa kwanza nilianza kumwita baba, na hakuna aliyenilazimisha.

Jumamosi ijayo tunakwenda kumposa Diane wangu, na mzee ndiye msemaji wetu. Hapa wanamwita umukwe mukuru, mzee anayesimama kwa niaba ya upande wa bwana harusi. Mama na mjomba wanafika Alhamisi kwa basi, lakini Kinyarwanda chao ni salamu ya "muraho" tu, na shughuli yenyewe inataka ulimi. Msemaji wa upande wa binti atajifanya hatujui. Atasema binti ameshaolewa, au yuko masomoni ng'ambo, au hapa hakuna binti kabisa, na mzee wetu atamjibu kwa mafumbo mpaka watu washike mbavu. Mwishoni atageuka serious na kusema mimi ni mtu wa namna gani. Hapo ndipo baba yake Diane anasikiliza kwa masikio yote mawili.

Kwa hiyo jana saa tisa tukaingia kasino, mimi na umukwe mukuru wangu, kama mtu na baba yake wanaokwenda kunyoa.

Nilitegemea giza, moshi, wanawake wenye magauni mekundu. Nikakuta zulia safi, baridi ya kiyoyozi, na watu sita waliokaa kimya kuliko wanaosubiri daktari. Mzee huenda mara moja moja, na kiasi chake kidogo kile kile. Kikiisha anakunywa kahawa anarudi kwa mkewe. Meza yetu ilikuwa ya dau dogo, huwezi kuweka zaidi ya kiwango kilichopangwa. Mkenya mmoja wa bima aliyekaa karibu nami akaninong'oneza kwamba hapo kutisha watu kwa dau wakati huna karata hakufai kitu, maana dau ni dogo na kila mtu analipa tu ili aone mwenzake ana nini.

Nilitia aibu. Vile vibao vya plastiki vinavyosimama badala ya pesa nilivipanga vibaya vikamwagika mezani. Mara mbili niliweka dau kabla ya zamu yangu, kwa sababu kwenye simu kitufe huwaka chenyewe. Mzee aliponisogezea soda nikainuka kuipokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa, na karata zangu nusura zifunuke. Dada aliyekuwa akigawa karata akanitazama kwa huruma.

"Kaka, karata ibaki kwa meza. Na ungoje zamu yako, buhoro buhoro."

Watu wakacheka. Mzee alicheka kuliko wote. Nilikasirika, nakiri. Nilitaka nifanye jambo moja tu la kibingwa kabla hatujaondoka.

Na jambo hilo likaja.

Katika mchezo huu kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa katikati ya meza kwa awamu, na katika kila awamu unaweka dau au unatupa zako na kukaa pembeni. Mimi nilikuwa na kopa mbili ndogo. Katikati zikafunuka kopa nyingine mbili. Nilihitaji moja tu zitimie tano, ningekuwa mfalme wa meza. Mzee akaweka dau, nikalipa. Wengine wakatupa. Awamu ya pili, mzee akaweka tena, nikalipa tena. Karata ya mwisho ikafunuka: pau isiyo na kazi.

Sikuwa na kitu. Karata yangu kubwa ilikuwa tisa.

Mzee akagonga meza kwa kidole, maana yake anapita, ananiachia mimi. Na mimi, kwa mazoea ya simu, nikasukuma dau mbele kana kwamba kopa zangu zimetimia. Kwenye simu nafanya hivyo mara ishirini kwa siku na sikosi usingizi kwa hilo.

Mzee akatazama dau. Akatazama karata za katikati. Kwa hesabu yoyote ile alipaswa kulipa, lilikuwa dau dogo mno mbele ya rundo lile. Alikuwa ameshashika vibao vyake mkononi. Halafu akaviweka chini, akanigeukia na mwili mzima, akaniuliza polepole kwa sauti ile ile anayoniuliza nayo kama nimekula.

"Elia mwanangu. Unazo?"

Yule dada akaingilia haraka. "Papa, tusiulizane karata, mchezo ingali." Mzee hakumgeukia. Alinitazama mimi.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kucheka, au kuinua mabega, au kusema lipa uone baba. Watu wa poka wote husema hivyo.

Nikasema, "Ninazo, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Na kabla ya kutupa karata zake akazifunua mbele ya wote: wafalme wawili. Mkenya akapiga mluzi. "Mzee, unatupa hizo? Kwa dau hilo?" Mzee akamjibu bila kumtazama, na nilisikia fahari katika sauti yake. "Huyu ni mwanangu. Nikimuuliza, ananiambia."

Karata zangu nilizirudisha kwa yule dada zimelala kifudifudi. Hakuna aliyeziona. Rundo lote likasogezwa mbele yangu na nikaona haya kuligusa.

Nilidhani yameishia hapo. Tulipokuwa tunateremka kuelekea Kicukiro ndani ya gari lake kuukuu, mzee akawa anaimba wimbo wa kanisani kwa pua. Katikati ya ubeti akakatisha. Akasema kwa wiki nzima alikuwa anatafuta neno la kufungia hotuba ya Jumamosi, neno la kumwambia baba yake Diane, na sasa amelipata. Atawaambia kwamba alinikalisha kwenye meza ya watu wanaodanganyana kwa kazi, akaniuliza mara moja tu, nikampa ukweli kwa hasara ya mchezo wangu, kwani ningenyamaza angelipa nami ningevuna zaidi. "Watacheka kwanza, kwa sababu ya karata. Halafu watanyamaza. Utaona."

Nilisema nini? Nilisema, "Asante, baba."

Nalirudia hilo neno tangu jana na kila mara linanichoma upya. Kumjibu mezani, sawa, mtu anaweza kusema ulimi uliteleza. Lakini garini tulikuwa wawili tu, mchezo umeisha, taa za njia panda ya Sonatubes zimetusimamisha dakika nzima. Nilikuwa na nafasi ya kutosha, na nikashukuru.

Usiku nilijitetea kama wakili. Poka ni uongo uliokubaliwa. Kila aliyekaa pale alijua anadanganywa. Na posa yenyewe je? Si wazee wazima wavaao kanzu na mishanana, yale mashuka ya heshima yanayofungwa begani, watasimama Jumamosi waseme hapa hakuna binti, huku binti yuko chumba cha pili anavishwa shanga? Mbona hao hawaitwi waongo? Nilijishindia kesi vizuri kabisa. Halafu nikamwona mzee amesimama mbele ya familia mbili akisema lile neno lake, mama yangu akiwa ameketi pale akitafsiriwa, na nikajua siwezi.

Leo sikwenda ibadani. Saa tatu nikachukua pikipiki hadi Gahanga kwa mzee katikati ya mvua. Mzee alikuwa barazani, amevaa sweta, anachambua maharage kwenye ungo pamoja na mkewe. Mkewe akainuka kuniletea chai. Nikamwamkia mzee, nikakaa, nikasema yote kabla chai haijafika kwa sababu nilijua ikifika nitapata kisingizio.

"Baba, jana sikuwa nazo."

Mikono yake ikaendelea na maharage kidogo. Kisha akauliza swali la mcheza karata. "Ulikuwa na nini?"

"Tisa."

"Tisa," akarudia. Nilidhani atacheka. Naapa kulikuwa na cheko pembeni mwa mdomo wake, likaja likaondoka.

Nikaanza tena ule uwakili wangu. Kwamba ni mchezo, kwamba hata yeye huwa anatisha watu, kwamba Jumamosi yeye mwenyewe atadanganywa na atadanganya. Akaniacha nikamaliza. Ndivyo alivyo, hamkati mtu.

"Kwenye mchezo nidanganye mpaka uchoke," akasema. "Ungesukuma dau lako ukanyamaza, ningelipa, ningekuona na tisa yako, tungecheka mpaka nyumbani. Lakini mimi niliweka vibao chini. Sikumuuliza mcheza karata. Nilikuuliza wewe."

Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto, na nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Mkewe akaleta chai, tukanywa tukizungumzia mvua, bei ya saruji, basi la mama yangu na mjomba linafika saa ngapi Alhamisi. Nikasubiri aseme amejitoa. Kwenye kikombe cha pili nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza Jumamosi je. Akanishangaa.

"Nitakuja. Nimeshawaahidi watu. Nitasema unafanya kazi, hunywi, unampenda binti yao. Hayo nimeyaona kwa macho yangu."

Hakutaja neno la kufungia, nami sikuthubutu kuliulizia.

Nilipoaga akachukua mwavuli anisindikize hadi barabara kubwa. Huwa ananisindikiza kila mara, na njiani huwa haishi kusema, anaonyesha viwanja vipya, anawasema majirani wanaochelewa kupalilia. Leo tulitembea kimya, tope linatuvuta viatu, mwavuli wake ameuinamishia upande wangu na bega lake linalowa. Nilitaka kuusukuma urudi kwake lakini sikujua kama bado nina ruhusa ya kufanya hivyo.

Pikipiki iliposimama akanishika mkono, hakuuachia.

"Yule msemaji wao ni mjanja. Atajua wewe ni mtu wa mbali. Ataniuliza mbele ya wote: huyu unamjua? Nimjibu nini?"

Majibu yalinijaa mdomoni, yote mazuri. Yule kijana wa pikipiki alikuwa ananinyooshea kofia. Nikayaacha yapite moja moja.

"Sijui, baba."

Alinitazama muda mrefu kuliko jana mezani.

"Hilo naliamini," akasema, akauachia mkono wangu.

Sasa Diane amenitumia picha ya mshanana wake, anauliza kama rangi inapendeza. Nimemjibu inapendeza, na inapendeza kweli, nimeitazama mara tatu kabla ya kuandika. Zimebaki siku sita. Sijui mzee atasema nini pale mbele. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha bwana harusi, mama pembeni yangu, na lolote atakalosema juu yangu nitalazimika kulikubali, kwa sababu litakuwa kweli.