Kitenge cha Kukamulia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Salamu zako zimefika hapa kijijini Daudi. Baridi ni kali na babu yako anakohoa, lakini maharage ameyavuna yote.

Unaniuliza kama niliwahi kuwaacha ng'ombe hata siku moja, maana huko Njombe wanakukosesha hata kanisa. Niliwahi. Dada yangu alikuwa anaolewa kijiji cha Bashay, na ng'ombe wangu hakukubali mtu mwingine amkamue. Alipiga mateke na kuzuia maziwa, na kiwele kikijaa hivyo kinaugua. Babu yako akasema, "Nenda, nitamkamua mimi." Nikamcheka. Hajawahi kukamua huyo!

Harusini sikugusa chakula. Kila nikitazama jua linavyoshuka, nakiona kile kiwele. Nikatoroka kabla ya zawadi, nikakimbia karibu njia nzima.

Bandani nilimkuta babu yako, mzee wa kanisa, amejifunga kitenge changu cha kukamulia, kilemba changu kichwani, anaimba polepole wimbo ninaomwimbiaga ng'ombe. Ndoo ilikuwa inajaa. Nikafungua mdomo. Akaninyooshea kidole.

"Nyamaza! Akikusikia atazuia maziwa."

Nikabaki nje ya banda langu mwenyewe. Niliumia, sikufichi. Kisha nikakaa chini. Saa ya kukamua ilikuwa imefika, na mikono yangu imelala mapajani. Sikujua niiweke wapi.

Mpe mumeo kitenge chako, mama. Halafu uje tukuone.

Bibi yako